Mtani Aliyebweka Matangani

Ruanda,
S.L.P. Mbinga.
18 Septemba 1995

Bwana Emilian,

Sikukuita mtani hapo juu, na sikusahau. Rudia kusoma.

Udongo wa kaburi la mama yangu Kunigunda ulikuwa haujakauka. Watu wa vigango vitatu wamekaa uani kwangu, Paroko yupo, wanachama wangu wa Chama cha Msingi cha Ushirika wa kahawa wapo, mimi mwenyekiti wao nimekaa na wazee. Ndipo ukatokea wewe nyuma ya jiko, umejifunga kamba ya katani shingoni, unatambaa kwa magoti, mkoba wangu wa ofisini umeung'ata kwa meno! Ukabweka. Ukabweka kuelekea barabarani kama kwamba lori linapita. Kisha ukajifanya lori limesimama, mlango umefunguliwa, ukaanza kutikisa matako kama mkia na kulamba mkono wa mtu asiyeonekana. Ukasema, "Huyu ni mbwa wa Chama, mchana anabweka, akifunguliwa mlango analamba." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Paroko alijificha kwenye leso akijidai anakohoa. Nilimwona.

Tangu babu zetu walipozikana wakati wa ndui, ukoo wako na wangu ni watani. Nalijua hilo kama unavyolijua. Kwenye msiba wangu una haki ya kunitukana, kukamata kuku bila kuomba, kulala mlangoni hadi upewe kitu. Mwaka 1979 baba alipofariki uliniita mbwa mbele ya jeneza nami nikacheka, nikakupa jogoo. Sikatai.

Lakini mwezi wa tano mwaka huu mshenga wako alileta jembe na blanketi nyumbani kwangu, kwa ajili ya mwanao Sebastian na binti yangu Beata. Nikapokea. Siku ile utani ukaisha, tukawa wakwe. Mkwe hamtanii mkwe. Mkwe hata kula mbele ya mkwe anaona haya. Wewe mtu mzima wa miaka hamsini na nne hulijui hili?

Waislamu wa pale Mbinga mjini wana usemi wao: ukimzoea mbwa atakufuata hadi msikitini. Mimi nilikuzoea, ukanifuata hadi kaburini kwa mama. Nataka maelezo, kwa maandishi.

R. Kapinga
Mwenyekiti


Mbamba Bay,
26 Septemba 1995

Mbwa wee!

Nimekusikia ukibweka mpaka huku ziwani. Notburga, mchuuzi wetu, alinikabidhi barua yako pamoja na ndoo zake tupu za dagaa wa usipa, nikasoma nimesimama, nikacheka hadi mke wangu Perpetua akatoka jikoni kuuliza nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu, ni Raimundi anataka maelezo kwa maandishi! Eti Mwenyekiti! Unaniwekea na cheo, mimi niliyekuona ukikojoa kitandani bwenini?

Haya, maelezo ndiyo haya. Huku kwetu ziwani jembe na blanketi ni posa tu. Ukwe unaanza siku Padri anapowafunga watoto, na Padri hajawafunga. Kwa hiyo nilipokuja kumzika bibi nilikuja na haki zangu zote, nikachimba, nikabeba, nikatukana. Bibi Kunigunda mwenyewe angekuwa hai angenirushia mwiko na kunipa ugali. Wewe ulininyima hata kuku! Nimerudi Mbamba Bay mikono mitupu, watoto wangu wananiuliza mtani gani huyu ulikwenda kwake.

Na usijidai hupendi mbwa. Beata nilimsifu mwenyewe mbele ya mshenga nikasema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, ukatabasamu hadi masikioni, kwa sababu msasi ulikuwa wewe. Nikikufanya msasi unatabasamu, nikikufanya mbwa unaandika barua. Basi nichagulie mnyama unayemtaka.

Tunza jogoo wangu. Nitakuja kumchukua siku ya harusi, kabla ya kuingia kanisani, wakati bado ninaruhusiwa kukutukana.

Mtani wako wa kufa na kuzikana,
Emilian


Ruanda,
5 Oktoba 1995

Bwana Emilian,

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta samahani. Haimo.

Sasa sikiliza, kwa sababu sicheki.

Moja. Kwetu ukwe unaanza na jembe. Ulipokuja kuposa ulikuja kwetu, kwa hiyo mila ni ya kwetu.

Mbili. Beata nimemzuia kwenda mafundisho ya ndoa. Tangazo la kwanza la ndoa lilisomwa kanisani Jumapili iliyopita. La pili likisomwa nitasimama mbele ya waumini wote niseme baba mzazi sikubali. Paroko nimemweleza hivyo, na safari hii hakukohoa.

Tatu. Hilo la lori. Kwa nini ulifanya lori? Ungeweza kufanya mbwa akiiba nyama, mbwa akikimbizwa na nyuki, matusi yapo mengi. Wewe ulichagua lori na mlango na kulamba mkono. Nani kakwambia? Mwanao hupokea barua kutoka kwa Beata kila wiki, nalijua hilo. Kama ni Beata aliyepeleka maneno ya nyumbani kwangu nje, basi nimemlea nyoka, na nyoka haozwi. Amekaa chumbani kwa bibi yake siku ya nne sasa. Nimemuuliza, analia tu. Atakaa humo hadi aseme.

Mtu anayetaka kunirudisha kwenye utani ananitaka niwe kama mbwa ayarudiaye matapishi yake. Mithali, sura ya ishirini na sita. Mimi sirudi.

R. Kapinga
Mwenyekiti


Mbamba Bay,
12 Oktoba 1995

Raimundi,

Kumbe ulikuwa na hasira za kweli. Nilidhani tunacheza. Basi na mimi naacha kucheza.

Mtoe yule binti chumbani. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Beata hajaniambia kitu, wala hajamwambia Sebastian kitu. Niliona kwa macho yangu haya mawili. Tarehe ishirini na sita Agosti nilipanda na usipa kuja Mbinga sokoni, gari letu likaharibika pale juu ya Kingerikiti. Likapita lori la wanunuzi binafsi wa kahawa, dereva akanionea huruma, akaniambia panda nyuma ukae juu ya mzigo. Nikakaa. Nilikalia gunia lenye R nyekundu na msalaba pembeni, alama yako. Nikaangalia la pili, R na msalaba. Nikahesabu magunia kumi na moja, yote ya kwako, yamepelekwa usiku kuzunguka Kingerikiti ili watu wa Ruanda wasiyaone.

Sikumwambia mtu. Hata Perpetua sikumwambia. Nilikaa na jambo hilo wiki mbili, maana nakumbuka Julai ulivyosimama kwenye mkutano, mimi nikiwa mgeni wako nimekaa mstari wa nyuma, ukasema mwanachama atakayeuzia kampuni binafsi ni msaliti wa Ushirika. Nakumbuka Ignatio. Magunia matatu! Mtu ana watoto saba, aliuza magunia matatu, wewe ukamfuta kwenye daftari la wanachama, akakosa mbolea, akakosa dawa ya kahawa, mkewe akaja kupiga magoti mlangoni kwako na ukamwambia sheria ni sheria. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nakula ugali wako.

Sasa ningefanyaje? Niende polisi? Niende kwa wanachama wako? Mtani kazi yake ni hiyo. Anakwambia kwa kicheko kabla wengine hawajakwambia kwa rungu. Nilibweka mbele yako ili ushtuke, ukae peke yako, ufikiri, umrudishe Ignatio. Watu walicheka kwa sababu ni matanga na mimi ni mtani, hakuna aliyejua kitu. Wewe peke yako ndiye ulijua. Na badala ya kushtuka, umemfungia mtoto wako chumbani.

Isaya aliwaona watu kama wewe. Aliwaita mbwa bubu, wasioweza kubweka, wenye choyo wasioshiba kamwe. Hilo sasa ni tusi la kweli, Raimundi. Silisemi kama mtani. Lipokee.

Emilian


Ruanda,
20 Oktoba 1995

Emilian,

Ndiyo. Magunia kumi na moja.

Mama alikuwa amelazwa hospitali ya misheni tangu Julai mwishoni. Chama hulipa Desemba, kikilipa. Wale wa lori hulipa papo hapo juu ya boneti. Ulitaka nimwambie daktari asubiri Desemba? Wewe unayetoa usipa ziwani asubuhi na mchana umeshauza, utajua nini habari za mtu anayengoja zao lake mwaka mzima? Usinihubirie. Umekalia gunia la mtu, ukajifanya hakimu.

Na Ignatio alikuwa hana mgonjwa. Alinunua baiskeli.

Beata nimemtoa chumbani, si kwa sababu umeniamuru. Nimemtoa kwa sababu mama yake alikuwa ameanza kulala naye humo na hakuna aliyekuwa ananipikia.

Sasa sikia neno langu la mwisho. Umeniita mbwa bubu. Mimi nakuita mbwa koko, asiye na kwake, anayepita jalani kwa kila mtu akinusa. Kwa kuwa umeninusa, sikutaki tena karibu. Ukitaka mwanao amwoe Beata, utaandika barua ya kukana utani. Utaandika kwamba wewe na mimi si watani, hatukuwa na hatutakuwa, kwamba hutanitania msibani wala harusini wala barabarani hadi mmoja wetu afe. Itasomwa mbele ya wazee wa pande zote mbili. Bila barua hiyo hakuna ndoa. Blanketi lako litarudishwa na Notburga, na jembe pia, limeshalimiwa lakini ni zima.

Chagua. Mtani au mkwe.

R. Kapinga


Mbinga,
23 Oktoba 1995

Shemeji Emilian,

Salaam. Mimi ni Gertruda, mke wa Raimundi. Nakuandikia nikiwa sokoni Mbinga kwenye meza ya fundi cherehani, yeye hajui na asijue.

Nimewachoka wote wawili. Mlianza kubwekeana mkiwa wavulana wa shule na mkaona ni mchezo, mimi na Perpetua tukapika, tukaosha vyombo, tukawasikiliza. Leo mnachezea mwanangu. Beata hali. Gauni alilopimiwa mwezi wa nane sasa linampwaya, fundi huyu huyu amenionyesha kwa vidole viwili.

Habari ya magunia ninaijua. Nilishona midomo ya magunia hayo kwa mkono wangu. Wewe ulisema kweli na umekosea mahali pa kuisemea. Yeye hatakubali, si mwaka huu. Nimelala na yule mtu miaka ishirini na sita, namjua. Ukingoja akubali, mwanangu atazeekea nyumbani.

Shemeji, unasoma Injili. Yule mama Mkanaani aliambiwa usoni kwamba chakula cha watoto hawapewi mbwa. Hakubisha. Alisema ndiyo Bwana, lakini hata mbwa hula makombo yaangukayo mezani. Alikubali kuitwa mbwa kwa sababu alikuwa anamwombea binti yake. Na wewe mwombee huyu. Andika hiyo barua anayoitaka. Utani wenu ni mzuri, lakini utani haukondi, mwanangu anakonda.

Ni mimi shemeji yako,
Gertruda


Mbamba Bay,
6 Novemba 1995

Kwa Mheshimiwa Raimundi Kapinga, Ruanda.
Kwa wazee wa pande zote mbili.

Mimi Emilian Ndomba wa Mbamba Bay, nikiwa na akili zangu timamu, natamka kwamba kuanzia leo mimi na Mheshimiwa Raimundi Kapinga si watani. Sitamtania msibani, harusini, wala mahali pengine popote. Sitamwita kwa jina la mnyama yeyote. Nikimkuta nitasimama, nitamsalimu, nitangoja aseme kwanza.

Wazee mlio hapo mtanisamehe kwa jambo moja. Mheshimiwa ametaka niandike pia kwamba hatukuwa watani. Hilo nimeshindwa. Kalamu imekataa mara tatu na karatasi zimekwisha. Yaliyobaki yote nimeyaandika.

Naomba ndoa ya vijana iendelee.

Mkwe wenu,
Emilian Ndomba
(Shahidi: Mansuetus, katekista)


Ruanda,
19 Oktoba 1996

Ndugu yangu Emilian,

Habari za siku nyingi. Hatujaandikiana tangu harusi ya Januari, na hata siku ile hatukuongea. Nilikuona. Ulikaa kwenye kiti ulichopewa, ukanywa soda uliyopewa, ukanipa mkono kwa mikono miwili kama mtu anayempokea Askofu. Watu waliniambia mkweo ana adabu. Nikasema ndiyo.

Beata ametuandikia kwamba mtoto amezaliwa na ni wa kiume. Tumefurahi sana. Gertruda atateremka mwezi ujao.

Nakuandikia kwa jambo jingine. Nitalisema lilivyo.

Chama kimekufa. Hakijatangazwa lakini kimekufa. Msimu huu malori ya makampuni yanapita hadi uani kwa watu, mchana kweupe, na ghala letu lina popo tu. Tarehe kumi tulikuwa na mkutano wa wanachama, wakaja watu kumi na tisa kati ya mia tatu. Ignatio akaja pia, ingawa si mwanachama. Alisimama mlangoni na baiskeli yake. Aliniangalia tu tangu kufungua hadi kufunga. Mkewe alifariki Mei. Sikuambiwa alikuwa mgonjwa. Au niliambiwa nikiwa na mambo mengi.

Tangu siku ile silali vizuri. Nimemuuliza katekista kama nilimkosea Ignatio, akasema Mwenyekiti wewe ulifuata katiba. Nimemuuliza katibu wangu, akasema hivyo hivyo. Paroko kasema nisali. Gertruda nikimuuliza anainuka kwenda kuangalia mboga. Kila mtu hapa ananiita Mzee, Mwenyekiti, Mheshimiwa. Nikipita wanavua kofia, na nikishapita nasikia wanacheka.

Emilian, wewe uliwahi kuniambia ukweli. Niliponaswa nikiiba maembe ya Padri uliniambia. Nilipotaka kuacha shule uliniambia. Mara ile ya magunia uliniambia na mimi nikakufukuza. Barua yako ile ninayo, ya mbwa bubu, nimeisoma sana mwezi huu.

Nakuuliza kama mtu na mtu. Je, nilimkosea Ignatio? Nikienda kwake leo kupiga magoti nitakuwa nafanya haki au nitakuwa najitafutia usingizi tu? Niandikie unavyoona, uniandikie kama zamani. Ile karatasi uliyoandika mbele ya wazee mimi naifuta. Nitaukana ule ukanaji mbele yao ukitaka. Niite jina lolote. Nakuomba.

Raimundi


Mbamba Bay,
2 Novemba 1996

Mkwe wangu mheshimiwa,

Shikamoo, ingawa nimekuzidi mwaka mmoja.

Barua yako nimeipokea kwa heshima kubwa. Sisi huku hatujambo. Beata hajambo, mtoto hajambo, ananyonya vizuri na amebatizwa Sebastian kama baba yake. Mke wangu Perpetua anakusalimu. Nimempa Notburga ndoo moja ya usipa mkavu kwa ajili ya nyumba yako, pokea kidogo tulichojaliwa.

Umesema wewe unaifuta ile karatasi. Mkwe wangu, ile karatasi wazee waliisikia ikisomwa na mtoto akaolewa juu yake. Sasa kuna mjukuu. Siwezi kuichezea.

Umeniuliza kuhusu Bwana Ignatio. Mkwe wangu, wewe ni mtu mzima, mwenye busara, kiongozi wa watu. Hujamkosea mtu yeyote. Ulifuata katiba.

Tunawaombea afya njema.

Mkweo mtiifu,
Emilian Ndomba